Ilongero na Lugha Tatu za Kusomea

Mtoto wa Ilongero hujifunza kusoma kwa lugha asiyoizoea nyumbani, na akishaizoea huhamishiwa nyingine. Nyumbani anaongea Kinyaturu. Darasa la kwanza anaandikiwa Kiswahili ubaoni. Akifika kidato cha kwanza, karibu vitabu vyote vinamjia kwa Kiingereza. Babu yake aliipita njia hii, baba yake naye akaipita, ingawa vituo vyake vilibadilika kila serikali ilipobadili sera. Ukiifuata historia hiyo kutoka mwanzo, jambo moja linajirudia: mtoto aliyeongeleshwa lugha kwanza, kisha akapewa herufi zake, alisoma. Aliyepewa herufi kabla ya lugha alibaki akitamka asichokielewa, na wengi wa namna hiyo waliandikwa kwenye ripoti za shule kuwa ni wazito.

Ilongero iko kaskazini mwa Singida mjini na ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Ni nchi ya majabali, ya alizeti, uwele na mtama, ya watu wanaolima na kufuga kwa pamoja. Wanyaturu, ambao huitwa pia Warimi, wamegawanyika katika makundi matatu makubwa, na Wilwana ndio wa upande huu wa kaskazini. Jirani zao ni Wanyiramba, na katika minada ya mifugo na mashamba ya mipakani hukutana na Wataturu na Wambulu. Zaidi kaskazini, kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe. Kwa wanaisimu, ukanda huu wa kati ya Singida, Manyara na Dodoma ni wa pekee barani Afrika, kwa kuwa hapo zinakutana lugha za Kibantu, za Kiniloti, za Kikushi na zile zenye sauti za vidoko. Kwa hiyo kuwa na lugha mbili au tatu kichwani ni jambo la kale hapa kuliko shule yoyote. Mtu alijifunza lugha ya jirani kwa sababu alinunua ng'ombe kwake, alioa kwake, au alichunga naye. Aliisikia kwanza, akaisema kwa makosa, akachekwa, akaisema tena. Shule ilipokuja ilileta lugha nyingine kwa njia tofauti kabisa.

Kiswahili kilifika bara pamoja na misafara ya biashara katika karne ya 19, lakini ni Wajerumani waliokifanya lugha ya serikali. Shule yao ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na lengo lake lilikuwa kupata makarani, maakida na walimu. Walikiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizotumika pwani kwa karne nyingi, na utawala wao ulipofika nchi ya Wanyaturu ulifika na makaratasi ya Kiswahili. Si ajabu, basi, kwamba kwa nyumba nyingi za bara maandishi ya kwanza kuingia ndani yalikuwa ya kodi. Watoto wa Kiislamu walikuwa na kusoma kwa namna nyingine pia, kule chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ambako herufi zilifundishwa kwa Kiarabu na kushikwa kwa kukariri. Mtoto wa namna hiyo alikutana na maandishi mawili na lugha mbili za ugenini kabla hajabalehe, na hakuna aliyeona kwamba anahitaji msaada wa pekee.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walikikuta Kiswahili kimeenea kuliko walivyotarajia, wakakitegemea. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wasiojua kusoma, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni shule kubwa isiyotajwa katika takwimu za elimu za wakati ule. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne za Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, ili kusanifisha tahajia na kukagua vitabu vya shule. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi. Tangu hapo kitabu cha kusomea cha mtoto wa Singida kiliandikwa kwa Kiswahili cha mji wa Zanzibar, chenye minazi, majahazi na wali.

Mfumo ulikuwa huu: miaka minne ya mwanzo kwa Kiswahili, kisha shule ya kati ambako Kiingereza kilichukua nafasi ya kufundishia. Wengi waliishia darasa la nne. Waliovuka walikuwa wachache kiasi kwamba mwalimu aliweza kumjua kila mmoja, na waliishi bwenini, wakila, wakilala na kuadhibiwa kwa lugha mpya. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922 akakua na Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili pamoja na kusoma. Mwaka 1937 akaingia shule ya Tabora, ambako Kiingereza kilitawala, kisha Makerere, kisha Edinburgh. Mwaka 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama ushahidi kwamba mtoto hodari atashinda lugha yoyote. Mimi naisoma tofauti. Nyerere alipata kila kitu ambacho mtoto wa lugha nyingi anakihitaji: alianza na akili iliyokomaa kwa lugha ya kwao, alizungukwa na lugha mpya mchana na usiku, alikuwa na vitabu, na walimu wake waliimiliki lugha waliyofundishia. Ukimwondolea mtoto mambo hayo manne kisha ukamlinganisha na Nyerere, humtendei haki.

Wakati huohuo kulikuwa na watu wachache walioiandika lugha ya Wanyaturu yenyewe. Walutheri kutoka Leipzig walikuwa wamefika Iramba kabla ya vita ya kwanza, na baadaye Walutheri wa Marekani wa kanisa la Augustana wakaichukua kazi ya Iramba na Turu. Mmoja wao, Howard Olson, aliyefika Tanganyika miaka ya 1940, alifanya uchunguzi wa kina wa Kirimi, na kitabu chake kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya lugha hiyo kilichapishwa mwaka 1964. Wengi wanamjua Olson kwa jambo jingine: ndiye aliyekusanya nyimbo za ibada zenye mahadhi ya Kiafrika katika Tumshangilieni Mungu. Lakini kwa mwalimu wa darasa la kwanza pale Ilongero, kazi yake juu ya sauti ina thamani kubwa, kwa kuwa inaonyesha mtoto anafika shuleni akiwa na nini masikioni.

Anafika na vokali saba. Kiswahili kina tano. Sikio la mtoto wa Kinyaturu linatofautisha aina mbili za i na aina mbili za u, na toni pia hubeba maana, mambo ambayo Kiswahili sanifu hakiyahitaji. Kwa upande wa sauti, basi, mtoto huyu ana mali nyingi kuliko anazotakiwa kuwa nazo. Mwalimu akiandika ma, me, mi, mo, mu ubaoni na kupiga kijiti chini ya kila silabi, darasa zima linaitikia, na baada ya miezi kadhaa mtoto anaunganisha silabi hizo kuwa maneno. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu: herufi ikishajulikana inasomwa vilevile popote. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto anaweza kusoma kwa sauti, bila kukosea hata silabi, sentensi inayosema mama anapika wali, huku hajui anapika ni kufanya nini, na wali hajawahi kuuona kwao, ambako jioni huliwa ugali wa uwele kwa mlenda. Mgeni akipita dirishani atasikia darasa linalosoma. Mwalimu akiuliza mama anafanya nini, mikono haiinuki. Mwalimu mzoefu wa Ilongero hujua la kufanya: anauliza tena kwa Kinyaturu, watoto wanacheka, wanajibu wote kwa pamoja, kisha anawarudisha kwenye Kiswahili na jibu lao likiwa tayari mdomoni. Hakuna sera iliyomruhusu. Kwa miaka mingi mtoto aliyekutwa akiongea kilugha eneo la shule aliandikwa jina na kuchapwa, na mwalimu aliyetumia kilugha darasani alifanya hivyo akiuangalia mlango.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na Desemba 1962 Nyerere akalihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 ulibadili kila kitu: Azimio la Arusha mwezi Februari, Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likaundwa kwa sheria, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Kiingereza kikabaki somo. Kwa mtoto wa Ilongero hii ilikuwa nafuu kubwa. Babu yake alikuwa amebadilishiwa lugha baada ya miaka minne tu. Yeye sasa alipewa saba ya kuimarisha kusoma kwake kwa lugha moja, iliyokuwa ikisikika pia redioni, kwenye mikutano ya chama cha TANU na mnadani. Nchi jirani zilichagua vingine. Kenya iliruhusu lugha za mama katika madarasa ya chini kisha Kiingereza, na Uganda mwaka 2007 ikaanzisha mtaala unaotumia lugha za kienyeji katika miaka mitatu ya mwanzo. Tanzania ilichagua lugha moja ya wote, na uchaguzi huo ulijenga taifa. Gharama yake ililipwa kimyakimya na watoto wa bara wasiokuwa na Kiswahili siku ya kwanza ya shule, na haikuandikwa popote.

Kilichofuata ndicho kipindi ninachokiheshimu kuliko vyote katika historia ya kusoma nchini. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikaenea nchi nzima kuelekea 1975. Katika mikoa ya Ziwa UNESCO ilikuwa imeanza mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, ambao vitabu vyake vilifundisha kusoma kupitia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Wazo hilo likasambaa. Madarasa yaliwekwa jioni au alasiri, baada ya shamba, chini ya mti, kwenye jengo la shule au la kanisa, karabai ikining'inia. Aliyemaliza darasa la saba alimfundisha jirani yake mwenye umri wa mama yake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo vikundi vilisikiliza redio pamoja, vikasoma kijitabu pamoja, kisha vikatoka kwenda kuchimba choo au kufyeka nyasi. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili wakati wa sensa ya 1967. Kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Tuseme makadirio hayo yalivutwa kidogo kuelekea matumaini. Hata hivyo hakuna nchi nyingi maskini zilizofanya jambo kama hilo ndani ya miaka 20.

Kwa nini wazee walisoma? Sababu moja iko wazi ukilinganisha na watoto wao. Mtu mzima aliingia darasani akiwa tayari anakisema Kiswahili, angalau cha kumtosha. Wanaume wengi wa Singida walikuwa wamekwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, wengine walikuwa jeshini, na wote walikuwa wamekaa kwenye mikutano mirefu ya hadhara. Lugha ilikuwa mdomoni, ikabaki kupewa herufi. Wanawake, ambao hawakuwa wamesafiri sana, walipata shida zaidi mwanzoni, lakini kwao pia darasa lilizungumza kwanza. Mwezeshaji alionyesha picha ya ng'ombe aliyekonda, watu wakabishana kwa lugha yoyote waliyotaka kwa nini amekonda, na baada ya mabishano hayo ndipo neno likaandikwa. Kilichowaangusha baadaye ni ukosefu wa kusoma. Maktaba za vijijini zilifunguliwa kwenye kata nyingi, kisha vitabu vikachakaa, havikuletwa vingine, na miaka ya 1980 ya uhaba wa karatasi, sukari na sabuni ikaumaliza mpango huo. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40, asipate cha kusoma, anasahau.

Watoto nao walikuwa wakifurika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu kazini, kwa masomo ya posta na redio. Hao ndio walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na wamesemwa vibaya sana. Ningependa waandikwe upya. Kijana wa Kinyaturu aliyepewa darasa la watoto 60 wa Kinyaturu alijua lugha yao, na hata kama mafunzo yake yalikuwa mafupi, alikuwa na kitu ambacho mhitimu wa chuo kutoka mkoa mwingine hakuwa nacho. Upungufu wao ulionekana kwenye Kiingereza. Mwalimu aliyejifunza Kiingereza kidogo akakifundisha kidogo zaidi, na mwanafunzi wake akafika sekondari bila kitu.

Huko sekondari Kiingereza hakikuondoka. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru, katika utafiti waliofanyia BAKITA, walionyesha kwamba wanafunzi hawaelewi wanachofundishwa kwa Kiingereza na wakataka Kiswahili kitumike. Mwaka 1980 Nyerere akaunda tume ya elimu chini ya Jackson Makweta, na ripoti yake ya 1982 ikapendekeza kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985. Maandalizi ya istilahi yalikuwa yamekwenda mbali. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 Nyerere mwenyewe, yule aliyemtafsiri Shakespeare, alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, kwamba kisiachwe kife.

Mwaka huohuo Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima uwezo wa wanafunzi wa Tanzania wa kusoma Kiingereza. Walitumia mizani ya vitabu vya ziada vilivyopangwa kwa ngazi, kuanzia vile vyenye picha na maneno machache. Waligundua kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari walikuwa ngazi za chini kabisa, na kwamba miongoni mwa wa kidato cha nne ni takribani mmoja kati ya kumi aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajiwa kuwa nacho ndipo aanze kufundishwa kwa Kiingereza. Yaani baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa Kiingereza, tisa kati ya kumi hawakuwa tayari kuanza. Ripoti yao haikushauri lugha ibadilishwe. Ilizaa mradi wa msaada wa Uingereza, ulioanza mwaka 1987, uliopeleka masanduku ya vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi kwenye shule za sekondari. Sipingi masanduku yale. Kusoma vitabu vingi vyepesi ndiyo njia bora ya kukuza lugha ya pili inayojulikana, na mwanafunzi aliyebahatika kuvipata alifaidika. Lakini vilipelekwa kwa kijana ambaye saa iliyofuata alikaa kwenye somo la kemia lililoandikwa kwa Kiingereza cha ngazi tano juu yake.

Ulimwenguni hoja hii ilikuwa imeshasemwa. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti iliyotetea lugha ya mama kama mahali pa kuanzia shule. Kule Ife, Nigeria, Babs Fafunwa alianza mwaka 1970 mradi wa kuwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka sita yote ya msingi, Kiingereza kikiwa somo linalofundishwa na mwalimu anayekijua, na watoto hao hawakubaki nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza. Nchini Canada, Jim Cummins alieleza mwishoni mwa miaka ya 1970 jinsi uwezo wa kusoma unavyojengwa mara moja na kuhamia lugha ya pili, mradi umejengwa. Mtoto aliyejifunza katika Kiswahili kwamba aya ina wazo kuu, kwamba jina linalofuatwa na "huyu" linarejea kwa mtu aliyetajwa juu, hahitaji kufundishwa upya jambo hilo kwa Kiingereza. Anahitaji maneno. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma usanisinuru akiwa shule ya msingi anajua tayari jani linafanya nini na mwanga wa jua. Mwalimu akimruhusu kulieleza kwa Kiswahili kwanza, sura nzima ya kitabu cha baiolojia inafunguka kwa maneno machache mapya. Asiporuhusiwa, analikariri neno la Kiingereza lenye silabi tano kama jina la mtu asiyemjua.

Kisha zikaja shule za kata. Ada ya msingi ilifutwa kuanzia 2002 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, madarasa yakajaa, na mwaka 2004 mpango mwenzake wa sekondari, MMES, ukaanza kujenga shule karibu na wananchi. Kwa miaka mitano idadi ya sekondari nchini ilipanda kutoka chini ya 1,300 hadi zaidi ya 4,000. Wazazi wa Singida walichangia mawe, mchanga, maji na siku zao za kazi. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa uwele aliweza kwenda sekondari akitokea nyumbani na kurudi jioni. Lakini tazama kilichobadilika katika habari ya lugha. Wanafunzi wachache wa zamani walikiishi Kiingereza bwenini. Mwanafunzi wa kata anakisikia darasani, kutoka kwa mwalimu ambaye naye anachanganya, akitoka nje ni Kiswahili, akivuka bonde kwenda kwao ni Kinyaturu. Kwa wiki chache za mwanzo hupewa kozi ya maandalizi ya Kiingereza, kisha masomo yote yanaanza. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalipoonyesha karibu watahiniwa sita kati ya kumi wamepata sifuri, nchi ilishtuka na tume ikaundwa. Watafiti wa Uwezo, mpango unaopima kusoma kwa watoto, walikuwa wameshaonya: upimaji wao wa 2010 ulionyesha kwamba katika darasa la tatu ni watoto watatu tu kati ya kumi walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, na kwamba nusu ya waliomaliza darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango hichohicho.

Takwimu hizo ziliirudisha serikali darasa la kwanza. Mtaala mpya wa KKK, wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ulianza mwaka 2015. Kiingereza kiliondolewa madarasa mawili ya chini na kusogezwa hadi la tatu, masomo mengi yakapunguzwa, na walimu wa madarasa ya awali wakapewa mafunzo ambayo wengi hawakuwahi kuyapata, ya kuanza na sauti kabla ya herufi na hadithi kabla ya ubao. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi bora zaidi kufanywa katika kusoma tangu kampeni ya watu wazima.

Pamoja nao ulikuja mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, na Singida ikaongezwa baadaye katika mikoa yake. Ndani yake kulikuwa na mpango wa utayari wa kuanza shule, kwa ajili ya watoto ambao hawakupata darasa la awali na ambao nyumbani hawaongei Kiswahili. Aliyewafundisha alikuwa kijana wa kijiji hichohicho, mara nyingi mhitimu wa kidato cha nne, akipewa vitabu vya hadithi na mafunzo mafupi. Kazi yake kubwa kwa miezi michache ile ilikuwa kuwaongelesha: anasimulia hadithi, anaionyesha kwa mwili, anawapa majina ya vitu vinavyoshikika, wanacheza, wanaimba, wanasimuliana tena. Alikijua kilugha, na safari hii hakuna aliyemwandika jina kwa kukitumia. Jambo ambalo mwalimu wa Ilongero alilifanya kwa miongo kadhaa akiuangalia mlango, hapo lilikuwa ndilo kazi yenyewe.

Mpango ulikwisha mwaka 2020, kama miradi inavyokwisha. Mtaala ukabadilishwa tena, na kuanzia Januari 2024 Kiingereza kimerudi darasa la kwanza kama somo. Wazazi wengi wanalifurahia, na wana sababu: wanaona watoto wa shule za kulipia mjini wakisoma Kiingereza na wao wanataka hichohicho. Sina ugomvi na Kiingereza kuanza mapema kama kitaanzia masikioni na mdomoni, kwa nyimbo, maagizo na hadithi fupi, na kama mtoto hatapewa herufi zake zenye sauti zinazogeukageuka kabla hajatulia kwenye silabi za Kiswahili. Mwalimu anayepokea watoto 80 wa Kinyaturu katika chumba kimoja anatakiwa kuwafundisha lugha mbili mpya na kusoma kwa mara ya kwanza, vyote ndani ya mwaka mmoja. Anahitaji vitabu vya hadithi vya kutosha kila watoto wawili kitabu, msaidizi mmoja anayekijua Kinyaturu, na barua yenye muhuri wa halmashauri inayomruhusu kukitumia mbele ya mkaguzi.